Katoni ya Odarley

Upande wa viungo pale soko la Kaneshie, jijini Accra, Odarley Tagoe akitokeza tu, wauzaji huanza kutazamana. Si kwamba ana ugomvi na mtu. Ni kwamba akisimama mbele ya meza yako, umekwisha: atachukua mkebe, ataupindua chini juu, atatoa mkobani kioo cha kukuzia alichouziwa na fundi saa mmoja wa Bukom, kisha ataanza kusoma. Anasoma mstari kwa mstari. Anasoma hata yale maandishi madogo ya pembeni ambayo nina hakika aliyeyaandika mwenyewe hakuyarudia. Nyuma yake watu wanajipanga, jua linawaka, na mwanamke hana habari.

"Anti, unanunua nyanya au unafanya mtihani?" aliulizwa siku moja.

"Nafanya mtihani," akajibu bila kuinua kichwa. "Nikifeli nazika mtoto."

Tangu siku hiyo muuzaji yule akiuliza huuliza kwa sauti ya chini.

Mtoto mwenyewe ni Dromo, binti yake wa pekee, sasa ana miaka kumi na mitano. Dromo hawezi kula uduvi. Sisemi hapendi, nasema hawezi. Alipokuwa na miaka sita walikwenda Teshie kwenye sherehe ya kumtoa nje mtoto mchanga wa binamu yao, na mtu kwa wema wake akampa kenke, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na shito, ile pilipili nyeusi inayokaangwa kwenye mafuta pamoja na samaki wakavu na uduvi wa kusagwa. Hakuna nyumba Accra isiyokuwa na chupa yake. Dakika kumi hazikupita midomo ikavimba, macho yakafumba, sauti ikakatika, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Walimkimbiza hospitali kwa pikapu, mama mtu amempakata, na njia nzima Odarley alikuwa akihesabu pumzi za mtoto kwa sauti.

Alipona. Bibi yake mzaa baba alikuja kumwona wodini, akakaa, akatikisa kichwa. "Mtoto wa kabila la Ga asiyekula shito," alisema. "Sasa huyu tumwite wa wapi?"

Odarley hajamsamehe bibi huyo mpaka leo, na mimi simlaumu.

Aliyemfundisha Odarley kusoma mikebe alikuwa muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimvuta pembeni akamwambia: sheria inamtaka mwenye kiwanda aandike kila alichotia ndani, kilicho kingi kinaanza, kilicho kidogo kinamalizia. Wewe unachokiogopa ni kidogo, kwa hiyo anza kusoma mwishoni. Ukikuta neno "ladha" limesimama peke yake bila kusema ladha ya nini, rudisha. Ukikuta "samaki wa gamba", yaani jamii ya uduvi na kaa, rudisha. Namba ya usajili inakuambia kwamba serikali inaijua bidhaa hiyo, haikuambii kwamba mtoto wako anaiweza. Odarley aliyameza maneno hayo kama dawa, na kwa miaka tisa ndiyo aliyoishi nayo.

Vinginevyo ni mwanamke wa kawaida. Hukodisha viti: viti vya plastiki mia tatu na maturubai manne, kwa ajili ya misiba hasa, maana Accra mtu hazikwi watu wamesimama. Ana pikapu kuukuu na dereva wake, mzee Sowah, ambaye hunung'unika kuanzia asubuhi mpaka jioni na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mume alikwenda zake Tema akaoa huko, na hilo tuliache. Usingizi wa Odarley ni mwepesi, mkono wake haukai bila kazi, na akiketi kwenye kiti chake mwenyewe hukaa ukingoni, tayari kuinuka.

Sasa kulikuwa na jambo moja la vidonge vya mchuzi. Vile vidonge vidogo vya mraba, vilivyofungwa kwenye karatasi inayong'aa, ambavyo bila hivyo wanawake wengi siku hizi wanaona sufuria haijapikwa. Sokoni havinunuliwi kwa katoni. Unanunua vitano, vinane, kumi, vinahesabiwa kiganjani. Na karatasi ya kidonge haina nafasi ya kuandikwa kitu zaidi ya jina. Orodha ya vilivyomo iko kwenye katoni, na katoni muuzaji akishaifungua anawashia moto au anakalia. Kwa hiyo sheria ipo, orodha ipo, lakini anayekula haioni. Odarley alipoanza kuulizia katoni, wauzaji watatu walimwambia waziwazi kwamba amechanganyikiwa.

Wa nne alikuwa dada Esinam, mwanamke mpole wa kabila la Waewe kutoka Keta, mwenye sauti ya kwaya. Yeye alisikiliza habari ya Dromo mpaka mwisho, akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, akachukua katoni ya vidonge akampa aisome. Odarley akaanza mwishoni, akarudi mpaka mwanzo: chumvi, wanga, mafuta ya mawese, kitunguu, pilipili manga, rangi. Uduvi hakuna. Tangu siku hiyo akawa mteja wake. Na kila alipokuja, kabla hajafungua mdomo, Esinam aliinyoosha mikono yake mirefu akamtolea katoni.

"Soma, mama Dromo. Soma roho yako itulie."

"Roho yangu haitulii, dada. Inapumzika tu kidogo."

Alisoma, akanunua, akaenda. Ndivyo ilivyokuwa, mwaka baada ya mwaka.

Matatizo yalianza Dromo alipofaulu. Alipangiwa shule ya bweni ya wasichana huko juu milimani Akuapem, shule nzuri, ya heshima, ambayo watu hufunga na kuomba watoto wao waipate. Odarley alipopokea habari alicheka, akacheza mbele ya majirani, kisha akaingia chumbani akalia. Nani atamsomea mtoto huko? Alitaka asome shule ya kutwa pale mtaani. Dromo alikataa. Walizozana wiki mbili, mama anafoka, binti anajibu kwa upole unaoudhi kuliko kufoka.

"Ma, nitakuwa nakula kwa mkono wako mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Ukifa je?"

Mwishowe Odarley alikubali kwa sharti moja, akalirudia mara tatu ili lisikike: dalili ya kwanza, hata ndogo, narudi kukuchukua na hutaona tena bweni. Dromo aliapa kwamba amekubali.

Mtoto wa bweni huenda na kasha lake la chakula, la mbao, lenye kufuli. Ndani yake huwekwa unga wa muhogo wa kukaanga, sukari, maziwa ya kopo, na shito. Bila shito, kasha hilo ni jeneza tu. Mabweni huhukumu mama kwa shito lake, na msichana anayekwenda bila chupa hukaa pembeni akitazama wenzake wakila. Dromo hakuomba mengi. Alisema tu, "Ma, lifanye lifanane na la wengine. Nisionekane mgonjwa."

Odarley alikaa siku mbili uani na sinia la samaki wakavu mapajani, akichambua mmoja mmoja, maana wavuvi hawatenganishi, na ndani ya samaki hujificha uduvi mdogo kama ukucha. Alipomaliza, mikono ilimnuka wiki nzima. Akaenda kwa Esinam, akasoma katoni kuanzia mwishoni, akanunua vidonge thelathini. Shito lisilo na uduvi hupooza, na yeye aliapa kwamba safari hii halitapooza. Akalikaanga kutwa, akikoroga bila kupumzika, mpaka likawa jeusi kama linavyotakiwa. Dromo hakuruhusiwa kulionja. Mama yake hupenda kulijaza kwenye chupa likiwa la moto na kufunga papo hapo. Alionja mwenyewe kwa ncha ya mwiko, akabaki ameduwaa. Lilikuwa tamu. Lilikuwa na ladha ileile ya shito la utotoni mwake.

"Kuorkor, njoo," alimwita jirani yake. "Onja. Niambie kama utajua halina uduvi."

Kuorkor alionja, akalamba kidole, akaonja tena. "Wewe mwanamke mchawi," alisema.

Chupa tatu kubwa zikaingia kwenye kasha. Dromo akaenda.

Siku tisa Odarley hakulala sawasawa. Shule ile hairuhusu wanafunzi kuwa na simu. Alikuwa na namba ya mlezi wa bweni, Bi Asabea, lakini aliogopa kumchosha mapema, akajizuia. Alihesabu viti ambavyo vilikuwa vimeshahesabiwa. Alimwuliza Sowah mara kwa mara kama amesikia simu yake ikilia, na Sowah alimjibu kwamba yeye si katibu wake.

Ijumaa ya wiki ya pili, familia moja ya Dansoman ilikuwa na kumbukumbu ya wiki moja ya marehemu wao, na viti vilitakiwa kabla ya saa tatu. Pikapu ilikuwa imepakiwa. Lakini Kuorkor alikuwa amepimwa presha hospitali akaambiwa apunguze chumvi, na alimwomba Odarley amfundishe kusoma. Kuombwa kufundisha kulimpendeza sana, sitaficha. Akamwambia Sowah asubiri nje ya soko dakika tano, akaongozana na Kuorkor mpaka kwa Esinam akiwa ameinua kidevu.

Esinam akatoa katoni kabla hajaombwa.

"Haya, angalia," Odarley akaanza. "Hapa ndipo vilivyomo. Wewe unatafuta chumvi, na chumvi ni ya kwanza, unaona? Ya kwanza maana yake ndiyo nyingi. Kwa hiyo hiki kidonge na wewe mmeachana leo."

"Weee," alisema Kuorkor kwa huzuni.

"Hapa namba ya usajili. Hapa kiwanda. Na kila kitu lazima kiwe na tarehe ya kuisha, wanapenda kuificha, ngoja." Akaigeuza katoni. Kifuniko cha chini kilikuwa kimekunjwa kwa ndani. Akakifungua kwa kidole, akaweka kioo chake, na kwa ile sauti ya mwalimu akasoma: "Tumia kabla ya mwezi wa tano, mwaka..."

Akasoma tena, kimyakimya. Mwaka uliotajwa pale ulikuwa mwaka jana.

"Dada Esinam. Hivi vidonge vimekwisha muda."

"Vidonge? La hasha. Vidonge vimekuja wiki tatu hizi, vipya kabisa."

"Mbona katoni inasema mwaka jana?"

Esinam alitabasamu. Alitabasamu kwa upendo mtupu, na hilo ndilo Odarley alilolikumbuka baadaye kwa uchungu zaidi. "Hiyo si ndiyo yako? Nilikuwekea tangu ile siku ya mwanzo. Hizi nyingine nachoma kila zikifunguka, nikaona mama Dromo anapenda kusoma, nisije nikamkosesha. Nimekutundikia pale kwenye msumari miaka yote hii."

Miaka yote Odarley alikuwa akisoma karatasi ileile. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye orodha, kuanzia mwishoni kama alivyofundishwa, na hayakwenda kwingine, maana tarehe aliziangalia kwenye maziwa na mikebe. Vidonge vilikuwa vikiuzwa mbio, havilali. "Nipe ya sasa," alisema.

"Ya sasa nadhani nilishai..."

"Dada, nipe katoni ya sasa."

Esinam aliinama chini ya meza, akavuta katoni iliyokunjuliwa aliyokuwa ameweka chini ya mguu wa kiti. Jina lilikuwa lilelile. Rangi ileile. Pembeni tu kulikuwa na nyota ya manjano, na ndani yake imeandikwa kwamba ladha sasa ni bora zaidi. Odarley hakuhitaji kioo. Ilikuwa mwishoni kabisa, kabla ya rangi: unga wa uduvi.

Ndiyo maana lilikuwa tamu. Vidonge thelathini, kwa mkono wake mwenyewe.

Hakumtukana Esinam. Hakumuaga Kuorkor. Watu walimwona Odarley wa viti akikimbia katikati ya soko kanga inamvuka, katoni mbovu mkononi, na wakampisha. Alipanda pikapu akafunga mlango mara mbili, maana mara ya kwanza haukushika.

"Akuapem," alimwambia Sowah.

"Dansoman," Sowah akamsahihisha. "Msiba uko Dansoman."

"Nimemlisha Dromo uduvi."

Sowah alimtazama, akatia gia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunung'unika.

Alipiga namba ya Bi Asabea. Haipatikani. Akapiga tena. Akapiga namba ya ofisi ya shule, ikaita mpaka ikakatika. Siku tisa. Kama ingekuwa mbaya sana wangeshapiga simu, alijiambia. Halafu akajiambia kwamba labda wamepiga, labda ni ile siku simu ilikuwa haina chaji. Halafu akawaza kwamba labda Dromo anavimba kidogo kidogo kila siku na anaficha, na kesho ndiyo itakuwa siku ya kifua. Kule nyuma viti mia tatu vilikuwa vikigongana kila wanapopita tuta, na simu yake ikaanza kulia, na kila alipopokea ilikuwa Dansoman.

"Anti Odarley, viti viko wapi? Watu wameanza kuingia."

"Vinakuja."

"Mwenyekiti wa ukoo amekaa kwenye ndoo."

"Mpeni mto," alisema, akakata.

Walipoanza kupanda mlima, injini ikalia na mwendo ukapungua. Odarley alikuwa ameinama mbele kana kwamba angeweza kuisukuma. "Namchukua leo," alisema. "Na kasha lake, na godoro lake. Leo hii. Nilimwambia."

"Ulimwambia," Sowah alisema.

"Nilimwambia dalili ya kwanza."

"Nilikusikia. Mtaa mzima ulikusikia."

Akakumbuka kwamba mtoto atakuwa na njaa, kwamba kila kilicho ndani ya kasha atakitupa. Akamsimamisha Sowah kwenye duka la kando ya barabara, akashuka, akanyakua mkate, maziwa ya kopo na tambi za pakiti, zile za ladha ya kuku ambazo Dromo anazipenda, akarudi ndani hata chenji hakuchukua.

Getini mlinzi alikuwa amekalia benchi, amevua kiatu kimoja. Alitazama mlima wa viti nyuma ya pikapu. "Hapa hakuna msiba, mama."

"Nimekuja kumwona binti yangu."

"Siku ya wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi."

"Kaka yangu," Odarley alisema, na sauti yake ikawa ndogo sana, "binti yangu huenda anakula sumu humo ndani, na aliyempa ni mimi. Nifungulie."

Mlinzi akavaa kiatu akafungua.

Bi Asabea alikuwa varandani mwa bweni, mwanamke mrefu mwenye miwani, anakagua mashuka. Odarley alipotaja jina la Dromo tu, mwanamke yule akaangaza uso. "Kumbe wewe ndiye mama wa shito! Karibu sana. Wasichana hawana wimbo mwingine. Shito la mama yake Dromo, shito la mama yake Dromo. Hata mimi nimeletewa kijiko."

"Liko wapi?"

"Lipi?"

"Shito. Chupa zilikuwa tatu."

"Zimekwisha jamani. Wasichana arobaini hawa, chupa tatu ni kitu gani? Siku ya nne tu, kwisha."

Kwisha. Odarley alishika nguzo. "Dromo yuko hai?"

Bi Asabea aliacha kucheka. Alisema jikoni wana jina la Dromo ukutani, kwamba fomu yake aliisoma mwenyewe, kwamba uduvi hapewi. Odarley hakuwa akimsikiliza tena. Mwanamke yule akatoka haraka kwenda kumwita darasani, akarudi akifuatwa na msichana mwembamba aliyevaa sare ya bluu iliyompwaya begani. Alikuwa anatembea. Alikuwa anapumua. Odarley alimshika uso kwa mikono miwili, akamfungua macho kwa vidole gumba, akamtazama ulimi, akaweka sikio kifuani mwake pale pale mbele ya watu.

"Ma. Ma, acha. Watu wanatutazama."

"Lilikuwa na uduvi," Odarley alisema. "Vidonge vilibadilika. Nilikuwa nasoma katoni ya zamani, Dromo. Nilikuwa nasoma kila siku na nilikuwa nasoma ya zamani."

Dromo aliinamisha macho. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba lilikuwa na uduvi. Najua tangu siku ya kwanza." Akasogea karibu, Bi Asabea asisikie. "Niliweka tone moja kwenye mdomo kabla ya kula, nikangoja. Mdomo ukawasha, ukavimba hapa. Nikanywa ile dawa ya aleji uliyonifungia, nikalala, asubuhi ukawa umeshuka. Basi. Sikula. Nikawapa wenzangu."

"Nani alikufundisha kuweka tone?"

"Hakuna. Ni chakula kigeni, sikukijua."

"Shito langu ndilo chakula kigeni?"

Odarley aliuona ule wembamba sasa, mifupa ya shingo. "Umekuwa ukila nini?"

"Wali mtupu. Unga wa muhogo na sukari. Siku za maharage nakula maharage."

"Siku tisa. Na hukumwambia mlezi anipigie simu?"

"Akuambie nini, Ma? Ungekuja."

"Bila shaka ningekuja!"

"Ungekuja na pikapu," Dromo alisema. "Ungenichukua."

Na pikapu ilikuwa pale, imesimama kwenye majani ya shule na viti vyake, na Sowah ameegemea mlango akijitia haoni. Odarley alitaka kukasirika akashindwa. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kinachouma zaidi: kwamba mtoto wake alikuwa na njaa na akaona bora njaa kuliko kumwambia mama yake.

Alifanya kile anachojua kufanya. Akamkabidhi mfuko. "Nimekuletea vitu. Kula."

Dromo alitoa mkate, akaunusa, akaukubali. Akatoa maziwa, akapindua kopo, akasoma kuanzia mwishoni, akaweka pembeni. Kisha akatoa tambi. Uso ukamchangamka, maana anazipenda kweli, na Odarley akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Msichana aliigeuza pakiti nyuma. Akaiinua kwenye mwanga. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, na mama yake alisimama mbele yake akingoja.

"Ulisoma hii, Ma?"

Miaka tisa Odarley hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Sikusoma," alisema.

Dromo alimwonyesha kwa ukucha. Mstari wa mwisho, herufi ndogo kama chawa: huenda ikawa na chembe za samaki wa gamba.

"Hii hapana," alisema binti, bila lawama, akairudisha mkononi mwa mama yake. "Nyingine ni sawa."

Odarley aliishika ile pakiti. Jambo hilo lilimuuma. Mtoto wake hamwamini, na yuko hai kwa sababu hiyo. Alitamani kukaa chini hapo hapo kwenye majani, lakini kengele ililia, na wasichana wakaanza kupita kati yao wakikimbilia vipindi, wengine wakimwamkia na kumsifia shito.

Bi Asabea alikuja na daftari lake la ruhusa, kalamu tayari. "Mama Dromo, kama ni ugonjwa una haki ya kumchukua. Niandike kwamba anaondoka?"

Dromo alikuwa ameukumbatia mkate kifuani, akimtazama mama yake.

"Usiandike," Odarley alisema. "Kipindi chake kimeanza."